Seneta Kwenye Meza ya Mapokezi

Kabla sijaja Dubai sikuwa na maoni yoyote kuhusu maseneta wa Marekani. Wa Kenya walinitosha. Lakini kuna mmoja, aliyefariki kabla hata nyanya yangu hajazaliwa, ambaye nilishinda naye kiangazi kizima kwenye meza ya mapokezi huko Al Barsha, na hadi leo nikikaa kimya ndani ya basi la kampuni najikuta nikimwaza yeye na mkewe kama majirani waliohama mtaa.

Nilikuwa mlinzi wa jengo la makazi. Kwetu Bungoma ukitaja mlinzi watu wanawaza rungu, koti zito na mbwa. Mimi nilikuwa na meza ya marumaru, koti la suti lililonipwaya mabegani, skrini ya kamera, na kiyoyozi kikali kiasi kwamba nilivaa soksi mbili mbili wakati huko nje watu wanaungua. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kupokea vifurushi, kuwauliza wageni wanaenda kwa nani, na kutabasamu. Hilo la kutabasamu lilisisitizwa kwenye mafunzo kuliko namna ya kuzima moto.

Mchana wa kiangazi jengo lilikuwa kama limehamwa. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia, isipokuwa vijana wa kuleta chakula, nao walipita mbio wakiwa wamelowa jasho. Ndipo mpangaji mmoja alipokuwa akishuka.

Alikuwa mama wa Kimarekani, mzee, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Aliishi orofa za juu na mwanawe, ambaye alifanya kazi za makontena kule bandarini Jebel Ali na hakurudi mpaka jua lizame. Macho ya mama huyo yalikuwa yanakwisha. Hakuwa kipofu; alinieleza kwamba anaona pembeni mwa vitu lakini katikati pana ukungu, kwa hiyo akitaka kukuona uso inambidi aangalie sikio lako. Siku ya kwanza aliliangalia sikio langu kwa makini, akanipa kiboksi cha dawa na kuniomba nimsomee maandishi.

Nikasoma. Mara ngapi kwa siku, kabla ya kula au baada, usiendeshe mitambo.

"Unasoma vizuri," akasema. "Umejifunza wapi?"

"Kanisani, madam. Nilikuwa nasoma masomo ya Jumapili tangu nikiwa shule ya msingi."

"Kanisa la wapi?"

"Bungoma."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba Bungoma anaijua vizuri, na kwa adabu hiyo tu nikampenda.

Kesho yake alishuka na kitabu. Kilikuwa kinene, jalada la kijani limechubuka, na ndani kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu zilizomzunguka kidevu lakini hazikufika mdomoni, kama mtu aliyefungwa kitambaa cha kuumwa jino. Alikuwa babu wa babu yake. Alianza kama wakili wa mashambani, akaishia Seneti, na mjukuu wake mmoja akaandika maisha yake na kuchapisha nakala chache za ukoo. Madam alikuwa amekibeba kitabu hicho nchi baada ya nchi akimfuata mumewe kikazi, enzi za uhai wa mumewe. Alikitumia kubania maua. Alikitumia kuinulia feni. Hakuwa amewahi kukimaliza. Sasa ukoo ulikuwa unapanga kukutana huko kwao, yeye ndiye aliyebaki mkubwa kuliko wote, na wamemwomba asimame aeleze habari za mzee huyo.

"Na mimi," akasema, "ninachojua ni kwamba alikuwa na ndevu."

Nilienda kwa supervaiza wangu, Mnepali mmoja mpole, kuomba ruhusa. Alikuna kichwa, akasema, "Simu ikilia, kitabu chini. Mwenye jengo akija, kitabu chini kabisa." Basi tukaanza.

Kitabu kile kilianza taratibu. Seneta alizaliwa kwenye shamba lenye mawe mengi kuliko udongo, baba yake akishona viatu. Sheria hakuisomea chuoni. Siku hizo ulikwenda ofisini kwa wakili mzee, ukamfagilia, ukamwashia moto, ukanakili hati zake kwa mkono, na jioni akakuazima vitabu. Baada ya miaka kadhaa watu wazima wawili watatu wanakuuliza maswali, ukijibu vizuri unaitwa wakili. Aliitwa wakili, akapanda farasi, akahamia magharibi kwenye mji mpya ambao barabara yake kuu ilikuwa tope tupu.

"Kesi yake ya kwanza," nilisoma, "ilihusu nguruwe—"

Kijana akaingia na pizza ya orofa ya saba. Nikaweka kitabu chini, nikapiga simu, nikamfungulia lifti, nikarudi.

"Ilihusu nguruwe," madam akanikumbusha.

"Ndiyo, madam. Alishindwa."

Akacheka mpaka akavua miwani. Nadhani alikuwa anatarajia shujaa, akafarijika kumpata mtu.

Sasa, mimi nilikuwa naishi Muhaisnah, kwenye jengo la wafanyakazi wanawake. Chumba chetu tulikuwa wengi, ila ninaowakumbuka jikoni ni wawili. Mmoja alikuwa Mtanzania, mwenyeji wa Tanga, mfanyakazi wa usafi kwenye ile mall kubwa karibu na kwetu. Alivaa hijabu ya maua hata akikoroga maharage, na akiongea Kiswahili unatamani kukaa chini umsikilize. Mwingine alikuwa Mganda, mlinzi kama mimi, jengo la jirani. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini hakikumzuia kutoa maoni.

Jikoni jiko la gesi liligombaniwa. Ukisubiri zamu yako ulihitaji cha kufanya, na jioni moja, nikiwa nimeshika sufuria yangu ya ugali, nikawasimulia habari za nguruwe. Kesho yake Mtanga akaniuliza, "Na yule wakili wako, leo kafanya nini?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya pili. Mchana nilisoma kwa Kiingereza, jioni nilisimulia kwa Kiswahili, na katikati yake lilikuwapo basi la kampuni, ambamo nilifumba macho nikitafuta maneno. Nilikuja kugundua kwamba hadithi ikishavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kuna vitu vinaanguka njiani na vingine vinaingia. Jaji wa kule kitabuni alikuwa akizunguka wilaya baada ya wilaya kwa farasi, mawakili wakimfuata nyuma kama msafara wa harusi, wanalala wawili wawili kitanda kimoja kwenye nyumba za wageni, mchana wanatukanana mahakamani, jioni wanagawana nyama. Jikoni picha hiyo haikuhitaji maelezo. Walinzi na wafagiaji wanajua kulala na mtu ambaye asubuhi mmegombana.

Siku niliyofika kwenye kesi ya ng'ombe, hata wanawake wa vyumba vingine walisogea. Majirani wawili walikuwa wanagombania ng'ombe, na wakili wetu alimtetea mmoja wao. Upande wa pili ulileta shahidi, binti wa mkulima, ambaye aliapa kwamba ng'ombe yule anamjua tangu ndama. Wakili akainuka kumbana. Akamuuliza, ng'ombe wote wekundu si wanafanana? Yule binti akamjibu kwamba kwake yeye mawakili ndio wanaofanana, lakini ng'ombe hapana, kisha akaeleza kovu, pembe, na namna ng'ombe yule anavyokataa kukamuliwa upande wa kushoto. Mahakama nzima ikaenda zizini kuhakikisha. Wakili akajaribu kukamua upande wa kushoto yeye mwenyewe, akapigwa teke.

"Akashindwa tena," Mganda akasema.

"Akashindwa. Mwaka uliofuata akamwoa yule binti."

Mtanga aliweka mwiko chini. "Huyo mwanamke ndiye ninayemtaka. Kesho uniletee habari zake."

Nilimwambia nitajaribu. Lakini kesho yake, kurasa zikifuatana, mke hakuonekana tena. Palikuwa na siasa za jimbo, hotuba, chakula cha jioni na gavana, na kila baada ya muda kasentensi kwamba mke wake aliyempenda alijifungua mtoto. Nilifika jikoni mikono mitupu na nikaulizwa kama mtu aliyesahau chumvi.

Ikabidi nimwambie madam.

"Madam, samahani. Kuna watu wanauliza habari za mke."

"Watu gani?"

Nikamweleza jikoni kwetu. Nilidhani atakasirika kwamba nimemtoa babu wa babu yake hadharani Muhaisnah. Aligeuza uso kuelekea kwenye mlango wa vioo, kule kwenye mwanga mkali.

"Wanamsikiliza kila siku?"

"Kila siku, madam. Wanasubiri."

"Basi nitawaambia ambayo hayamo," akasema. "Shangazi wa baba yangu alikuwa akitusimulia tukimenya njegere. Lakini kwanza tusome kesi kubwa. Siijui vizuri, ila najua mke yumo."

Kesi kubwa tuliisoma siku mbili kwa sababu siku ya kwanza lifti iliharibika na watu wote wa jengo walikuja kunilaumu mimi. Ilikuwa hivi. Mume na mke Weusi walitoroka utumwani na mtoto mchanga, wakavuka mto, wakafika mpaka karibu na mji ule. Wawinda watumwa wakawakamata. Sheria ya nchi wakati huo iliwataka warudishwe, na kesi yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu, karatasi na muhuri, wala wao wenyewe hawakuruhusiwa kutoa ushahidi. Wakili wetu alijitolea kuwatetea. Alizungumza asubuhi nzima. Alidai majina yaliyo kwenye karatasi hayafanani na watu waliosimama mbele, akadai muhuri una kasoro, akadai kila alichoweza kudai. Jaji akamsikiliza, kisha akaamuru warudishwe.

Nilisoma hapo nikasimama kidogo. Mimi ni Mwafrika nimekaa kwenye marumaru ya Dubai, namsomea mama Mzungu habari za watu Weusi wanaofungwa kamba. Yeye pia alihisi. Hakusema neno la kunituliza, wala hakuniangalia sikio. Alisema tu, "Endelea, tafadhali."

Nikaendelea. Wawindaji walikwenda kula kabla ya safari. Waliporudi, gari lao la farasi lilikuwa limeegemea upande mmoja kama mlevi. Gurudumu la nyuma halikuwapo. Walitafuta fundi, na fundi alikuwa amelala mgonjwa ghafla. Walitafuta gari la kuazima, na mji mzima magari yote yalikuwa na matatizo. Giza likaingia. Asubuhi chumba walimofungiwa wale watu kilikuwa kitupu, mlango umerudishiwa vizuri. Kitabu kilisema hakuna aliyewahi kujua ni nani aliyelichukua gurudumu.

"Ukoo mzima unajua," madam akasema. "Lilikuwa chini ya kitanda chake. Mke. Alilibingirisha mwenyewe kupitia bustani ya kabichi, akiwa na mimba, na kabichi zikalala chini zote. Mumewe alirudi nyumbani amevunjika moyo kwa kushindwa kesi, akamkuta anapika. Akauliza kabichi zimefanya nini. Akamwambia, ng'ombe."

Jioni ile jikoni hakukupikwa chochote kwa muda. Nilisimulia tangu mwanzo, nikaionyesha bustani kwa mwiko sakafuni. Nilipofika kwenye lile jibu la ng'ombe, Mtanga alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Na wale watu walifika?" akauliza baadaye. "Na mtoto?"

"Madam anasema walifika Kanada. Barua haikuja, lakini mtu aliyewaona alirudi akasema."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea na maharage yake.

Baada ya hapo wakili akawa mtu mkubwa. Bunge la jimbo likamchagua kwenda Seneti, na Mganda akasimamisha hadithi. "Ngoja. Wananchi hawakupiga kura?"

"Wakati huo hapana. Wabunge wa jimbo ndio waliomchagua."

"Kwa hiyo ni wakubwa wamechagua mkubwa mwenzao."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. "Nilitaka tu kuelewa."

Nakiri kwamba miaka ya Seneti ilitupa taabu. Mwandishi alikuwa ameandika hotuba nzima nzima, na mimi nilizisoma kwa sauti ya Jumapili, madam akisinzia kitini, kidevu kifuani. Jikoni nilizikata. Nilisema, "Akahutubia sana," nikaruka. Mke alikaa mji mkuu majira mawili ya baridi, akaugua kifua, akachukia sherehe za kunywa chai na watu wasiofuga chochote, akarudi shambani kwake. Hilo jikoni walilipokea kwa heshima.

Kisha vita vikaja vikapita, utumwa ukafutwa, na tukafika kwenye ukurasa fulani ambao ulikuwa msafi kuliko nyingine, kama ambao haujaguswa. Nikasoma. Watu Weusi wa kusini walikuwa wamepata haki ya kupiga kura na askari wa serikali walikuwa huko kuwalinda. Wakubwa wa chama cha Seneta wakakubaliana na wapinzani wao kwamba askari waondolewe, ili wao wabaki madarakani. Kila mtu alijua kitakachowapata watu wale. Seneta wetu alikuwa ndani ya chumba walimokubaliana. Mwandishi alisema kwamba aliona busara kukaa kimya.

Nikainua macho. Madam alikuwa ameketi wima.

"Baba yangu alipokuwa akitusomea vipande utotoni," akasema, "akifika hapa alikuwa akiruka. Nilidhani kurasa zimeshikana." Akanyoosha mkono, akaugusa ukurasa kama anaweza kuuona kwa vidole. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hilo nalo nitalisema kwenye mkutano," akasema. "Watakasirika." Akainuka, akapanda lifti mapema kuliko kawaida.

Sikutaka kuwasimulia wenzangu siku hiyo. Nilisema nimechoka. Mtanga alinitazama akajua, akasema, "Kuna kitu kafanya." Nikawaambia. Aliacha kukoroga.

"Yule yule aliyesimama mahakamani asubuhi nzima?"

"Yule yule."

"Akakaa kimya."

"Ndiyo."

"Na mkewe alisema nini?"

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu chako kimeandikwa na mtu anayemwogopa babu yake," akasema. "Mwulize yule mama."

Nilimwuliza, naye alikuwa na jibu tayari, maana usiku ule alikuwa amempigia simu binamu yake mmoja kulithibitisha. Seneta aliporudi nyumbani majira ya kuchipua, mkewe alimpikia, akamfulia, akampisha mezani kiti chake, na hakumsemesha hata neno moja mpaka mahindi yalipovunwa. Nililipeleka jibu hilo Muhaisnah kama mtu aliyebeba mayai. Mtanga alilisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," akasema. "Naweza kuendelea."

Wiki hiyo hiyo tukapata habari zetu wenyewe. Kampuni ilikuwa imepata kazi kwenye ghala moja Jebel Ali na ilihitaji walinzi wanawake wa kukagua mikoba ya wafanyakazi wa kike getini. Ofisi iliamua kwamba walinzi wanawake wote wa Al Barsha tuhamishiwe huko moja kwa moja. Wawili wetu walikuwa wamepelekwa kwa majaribio, wakarudi nyuso zimebabuka, wakasema geti halina kivuli na choo cha wanawake kiko upande wa pili wa uwanja wa malori.

Jikoni kila mtu alisema lake. Kisha Mganda akanigeukia. "Wewe unatusomea mawakili kila siku. Nenda ukaongee."

"Mimi si wakili. Mimi namsomea mtu kitabu."

"Unajua wanavyofanya."

Sikuwa najua chochote, isipokuwa jambo moja ambalo mwandishi alilirudia: kwamba baada ya kupigwa teke na yule ng'ombe, wakili wetu hakuuliza tena swali kwa majivuno. Aliuliza vitu vidogo, kwa upole, akamwacha mtu ajibu. Lakini si hilo lililonisukuma. Kilichonisukuma ni kwamba kila nilipowaza kukaa kimya niliona ule ukurasa msafi, na niliona uso wa Mtanga akiwa ameacha kukoroga.

Nilikwenda ofisini siku yangu ya ofu. Meneja wa operesheni alikuwa mtu wa haraka, simu mbili mezani, chai imepoa. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Sir, nimekuja kuuliza kuhusu Jebel Ali."

"Uamuzi umeshafanyika. Khalas."

"Ndiyo, sir. Nauliza tu, choo cha wanawake kiko wapi pale?"

Aliangalia simu yake, akaangalia dari. "Kipo. Lazima kipo."

"Ni mwendo gani kutoka getini?"

"Sijui. Sijatembea."

"Tunaweza kwenda kuangalia, sir? Ukiwa na nafasi."

Alinikazia macho. Nilitabasamu lile tabasamu la mafunzoni, kwa mara ya kwanza likawa na faida. Nadhani alitaka kunionyesha kwamba ninakuza mambo, kwa sababu alichukua funguo zake na kusema, "Yalla, twende sasa hivi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kufika. Tulishuka kwenye gari lake lenye baridi, tukasimama getini, tukaanza kutembea kwenda chooni. Lori likapita, tukasubiri. Lingine likapita, tukasubiri. Shati lake la bluu lilianza kubadilika rangi mgongoni. Mimi nilikuwa nahema pia. Tulipofika alisimama kwenye kivuli cha mlango, akajifuta shingo, akasema, "Na kurudi ni hivi hivi?"

"Ndiyo, sir."

Hatukushinda kila kitu. Kazi ile ilibaki yetu. Lakini tuliwekewa kibanda chenye kiyoyozi, choo kikaletwa karibu na geti, na badala ya kuhamishwa moja kwa moja tukakubaliwa kwenda kwa zamu, mwezi huyu wawili, mwezi ujao wengine wawili. Jikoni nilipikiwa. Mtanga alitia nazi mpaka nikamwambia inatosha. Kwa muda wa wiki kadhaa waliniita Seneta, nikawaomba waniite Wakili, kwa sababu ya ule ukurasa.

Madam nilimhadithia yote. Alifurahi kuliko nilivyotegemea, akanifanya nirudie sehemu ya malori.

Mwisho wa kitabu tuliusoma masanduku yake yakiwa tayari yamefungwa. Alikuwa anahamia kwa binti yake huko kwao, karibu na madaktari. Seneta, katika uzee, alikataa kuunga mkono kampuni ya reli iliyotaka ardhi ambayo wakulima walikuwa wameshailima. Safari hii alisema, tena kwa sauti, na bunge la jimbo likachagua mtu mwingine. "Labda alikuwa amechoka kula chakula bila kusemeshwa," madam akasema. Seneta alirudi nyumbani kwa treni ya hiyo hiyo kampuni. Mkewe alimpokea langoni na kumwambia kwamba lango la zizi limelegea tangu siku alipochaguliwa. Akalikaza. Kisha akafungua tena ofisi ndogo juu ya duka la matandiko ya farasi, akatetea ugomvi wa mipaka, mbwa na mitumbwi mpaka siku aliyosinzia kitini baada ya chakula cha mchana na hakuamka.

Nikakifunga kitabu. Kijana wa pizza aliingia, na kwa mara ya kwanza madam alimwambia yeye mwenyewe asubiri.

Madam alipoondoka hakuniachia kitabu. Kilikuwa cha ukoo, na alikihitaji. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kuniangalia sikio kwa muda mrefu. Miezi michache baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Mkutano ulifanyika, watu walikuwa wengi, alisema kila kitu, kabichi na ukurasa msafi. Binamu wawili walitoka nje. Msichana mdogo wa ukoo alimfuata baadaye akataka kujua gurudumu la gari la farasi lina uzito gani. Niliuchezesha ujumbe ule jikoni, nikiwatafsiria. Mtanga aliuomba tena ile sehemu ya binamu waliotoka. Yeye baadaye alirudi Tanga, anauza chakula karibu na stendi, na tunatumiana salamu.

Zamu yangu ya Jebel Ali ilipofika nilikaa kwenye kibanda changu chenye kiyoyozi nikiangalia malori. Kulikuwa na dereva mmoja, Mpathani wa makamo kutoka Pakistani, aliyekuwa akingoja karatasi zake karibu yangu kila siku. Hatukuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiarabu cha kazini, kile cha maneno machache yanayotumika kwa kila kitu. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, naye akaniuliza kwa ishara mbona nacheka peke yangu. Nikajaribu kumweleza. Nilisema kulikuwa na muhami, yaani wakili. Baadein, yaani halafu, akawa mkubwa serikalini. Baadein, serikali khalas, imekwisha. Akarudi beit, nyumbani, kwa mama wa nyumba.

Dereva alilifikiria jambo hilo kwa uzito, huku anazungusha tasbihi kidoleni.

"Mama wa nyumba zein?" akauliza. Ni mzuri?

"Zein sana," nikamwambia. "Zein kuliko yeye."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, karatasi zake zikatoka, akapanda lori lake.